REAPER: programu iliyonifundisha kusikia maneno ya kwaya

Mwaka 2022, ibada ya pili ikiwa imetoka, mama mmoja wa kanisani kwetu alinishika mkono pale mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akaniambia: "Mwanangu, ule wimbo wenu nausikiliza kila siku nikipika. Ila kuna mahali mnaimba Bwana amenivuta machozi. Hapo sielewi."

Tuliimba "amenifuta".

Sikulala vizuri siku ile. Wimbo nilikuwa nimeurekodi mimi, nikaumiksi mimi, na kwaya ilikuwa imechangishana miezi mitano ili ipate CD na flashi za kuuza. Nilipofika nyumbani nikauweka kwenye hedifoni: F ipo. Nikauweka kwenye sabufa ya sebuleni, hiyo ambayo karibu kila nyumba hapa Kihonda, Morogoro, inayo ya kwake: F haipo. Nikajua mama yule hakukosea kusikia. Mimi ndiye niliyempelekea wimbo usio na F.

Naandika haya kuhusu REAPER, programu ya kompyuta ya kurekodi na kumiksi sauti, kwa sababu ndiyo niliyoutengenezea upya wimbo ule, na bado naifanyia kazi hadi leo. Kabla yake nilikuwa natumia programu ya kunakiliwa, zile zinazopita mkono kwa mkono. Wiki chache baada ya maneno ya yule mama ilikataa kufunguka, na kirusi kilichokuja nayo kikaharibu mafaili ya kazi nne za watu. Sauti ghafi za kwaya zilinusurika kwa kuwa zilikuwa kwenye flashi nyingine. Nikaapa sitarudia.

REAPER imetengenezwa na Justin Frankel na kampuni yake ya Cockos. Kama uliwahi kukaa intaneti kafe ukipanga nyimbo za kuchoma kwenye CD, kazi ya mtu huyu unaifahamu: ndiye aliyetoa Winamp mwaka 1997. REAPER 1.0 ilitoka 2006. Faili la kuipakua la Windows halifiki MB 20, yaani bando la siku linatosha na chenji inabaki. Inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na nimeshawahi kufungua treki 38 za kwaya (kila treki ni sauti au ala moja iliyorekodiwa) bila kukwama. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, hakuna kilichofungwa. Zikiisha haikufungii kazi zako, inakukumbusha tu kila ukiifungua kwamba hujalipa. Leseni ya mtu binafsi au biashara ndogo, yenye mapato ghafi yasiyozidi dola 20,000 kwa mwaka, ni dola 60. Nililipa kwa kadi ya kwenye simu, ikanitoka karibu shilingi laki moja na arobaini kwa bei ya dola ya wakati ule. Kwangu ilikuwa fedha nyingi, na niliitoa kwa moyo mmoja, maana aliyekuachia mlango wazi namna ile anastahili haki yake.

Sasa niwaeleze nilivyoirudisha ile F, maana hapo ndipo programu inapoonekana ubora wake.

F ni pumzi tupu inayopita kati ya meno na mdomo. V ni pumzi hiyo hiyo ikisindikizwa na sauti ya koo. Pumzi ile ni dhaifu na sehemu kubwa iko juu kwenye masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa Hz na kHz. Kiswahili chetu karibu kila silabi inafunga kwa irabu, na mwimbaji wa kwaya anapenda kuivuta irabu: a-me-niii-fuuu-ta. Irabu ni nene, zinajaa chini na katikati. Konsonanti ndizo zinazobeba maana, nazo ni nyembamba na za haraka. Kinanda kikizifunika, msikilizaji anabaki na irabu, na akili yake inajijazia yenyewe.

Nikaingiza treki zile kwenye REAPER, nikaweka ReaEQ, plagini (programu ndogo ya ndani) ya kupandisha na kushusha masafa, kwenye sauti ya mwimbaji kiongozi. ReaEQ inakuja ndani ya programu, huilipii zaidi, na nyuma ya mstari wa kupandisha na kushusha unaona sauti yenyewe inavyocheza. Dada aliyeongoza ana sauti ya juu, kwa hiyo chini ya Hz 110 hakukuwa na chochote chake. Palikuwa na feni, pikipiki za barabarani na mguu wa mtu uliogonga stendi ya maiki. Nikakata yote hayo. Kisha nikafanya alichonishauri kaka mmoja fundi wa redio: chukua kidoti kimoja cha ReaEQ, kipandishe sana, kibane kiwe chembamba, halafu kitembeze taratibu mpaka sauti iwe mbaya kuliko zote. Kilipofika Hz 280 yule dada akasikika kama anaimbia ndani ya pipa. Hapo ndipo chumba changu kilipokuwa kimejificha. Nilirekodia chumba cha uani chenye kuta tupu za tofali, nikaning'iniza vitenge viwili nikadhani vinatosha. Kitenge hakizuii masafa ya chini hata kidogo. Godoro nene linasaidia, kitenge hapana. Nikashusha pale desibeli 4, nikakipanua kidoti kidogo, pipa likaondoka.

Na sabufa? Sabufa inaongeza chini. Uzito wowote niliouacha kwenye Hz 200 mpaka 400, pale sebuleni kwa yule mama ulikuwa unakutana na besi ya spika yenyewe na kuzika maneno. Ndiyo maana hedifoni zilinidanganya.

Kosa langu la zamani lilikuwa kudhani uwazi unaletwa kwa kupandisha juu. Nilikuwa nikiona sauti haieleweki naongeza kHz 10, naongeza tena, mpaka S zinakata masikio. Safari hii nilipandisha desibeli 2 tu karibu na kHz 3.5, baada ya kutoa uchafu wa chini. Ilitosha.

Lakini F bado ilikuwa inakuja na kuondoka, na hapa nilijifunza kitu ambacho sikukitegemea. Nilipolivuta wimbi la sauti kwa karibu, neno "amenifuta" lilikuwa na mlima wa "ni", halafu kijistari chembamba, halafu mlima wa "u". Kile kijistari ndiyo F. Katika REAPER unabonyeza S kwenye kibodi, kipande kinakatika hapo hapo. Nikakata kabla ya kijistari na baada yake, nikakiongezea kipande kile sauti desibeli 5. Sekunde hazikufika ishirini. Nikacheza tena. Amenifuta. Nikairudia mara nane peke yangu usiku ule, machozi yananilenga.

Tangu siku hiyo kabla sijagusa kompresa, ile inayobana sauti inapozidi kiwango, napitia wimbo mzima neno kwa neno. Mistari inayoshuka mwishoni naipandisha kwa mkono, pumzi kubwa naishusha, lakini siiondoi kabisa, maana mwimbaji asiyevuta pumzi hasikiki kama mtu. Ndipo naweka ReaComp, kompresa ya REAPER: reshio 3 kwa 1 (kila desibeli 3 zinazozidi kiwango inapitisha 1), ataki, yaani muda wa kuanza kubana, milisekunde 10 au zaidi kidogo ili konsonanti zipite kabla haijabana, rilizi, yaani muda wa kuachia, karibu milisekunde 100, na nahakikisha haibani zaidi ya desibeli 4 au 5 kwenye sehemu kali. Ataki ukiifupisha mno, kompresa inazikamata zile T na K zenyewe, na unarudi ulikotoka.

S zetu nazo zina mambo yake. Mstari kama "usishushe msalaba" una S na SH zimefuatana kama nyuki. Kwa hizo natumia ReaXcomp, kompresa inayogawa masafa, naiacha ibane kati ya kHz 5 na 8 peke yake pale tu S inapozidi. Iweke taratibu. Ukibana sana waimbaji wote wanakuwa na kithembe, na mwalimu wa kwaya atakuuliza umewafanya nini watu wake.

Bado kinanda. Mpiga kinanda wetu ana mikono miwili na anaitumia yote, muda wote. Sikutaka kumshusha mpaka apotee, angeumia. Kwa hiyo nilituma sauti ya kiongozi kwenye chaneli ya 3 na ya 4 ya treki ya kinanda, nikaiambia ReaComp iliyoko pale isikilize chaneli hizo. Kiongozi akiimba, kinanda kinainama desibeli 2. Akinyamaza, kinarudi. Hakuna aliyegundua, hata mpiga kinanda mwenyewe, ila ghafla maneno yakawa mbele. Programu nyingi hufanya kitu hiki, sikatai. Katika REAPER chaneli hizo ziko wazi kwenye kila treki.

Kuhusu kelele za feni zilizobaki, ipo ReaFir. Unaiweka kwenye hali ya kutoa, unaichezea sekunde mbili za chumba kitupu ambacho hakuna anayeimba, inajifunza ile kelele, halafu inaitoa. Muhimu: ondoa tiki ya kujifunza kabla mwimbaji hajaanza. Mara ya kwanza niliisahau, ikajifunza na sauti ya yule dada, ikaanza kumla. Na hata ukiitumia vizuri usiisukume sana, sauti inakuwa kama inatoka ndani ya maji. Bora uzime feni uvumilie jasho. Mvua ikinyesha juu ya bati, ahirisha kipindi. Hakuna plagini ya mvua ya Morogoro.

Kwa upande wa mwangwi REAPER ni dhaifu, na nasema hivi nikiwa naipenda. ReaVerbate inafanya kazi lakini mwangwi wake ni mkavu, una kama harufu ya bati. ReaVerb ni bora ukiwa na rekodi za mwitikio wa kumbi halisi za kuipakia. Kwaya inataka mwangwi, watu wetu wanataka kusikia kanisa. Ninachofanya ni kuuweka mwangwi kwenye treki yake peke yake, nauchelewesha milisekunde 60 baada ya sauti ili neno litangulie, kisha kwenye treki hiyo ya mwangwi nakata kila kitu chini ya Hz 300 na juu ya kHz 6. Neno linabaki kavu na wazi, kanisa linabaki nyuma yake.

ReaTune ya kunyoosha noti nayo inachosha. Kwa kiongozi mmoja inawezekana, kwa sauti zote nne usijaribu, bora urudie kurekodi. Na kurudia ndiko REAPER 7, iliyotoka Oktoba 2023, imeniheshimisha: naweza kurekodi mstari mmoja mara sita, zote zikapangwa moja chini ya nyingine kwenye treki ile ile, nikachagua neno bora kutoka kila moja kwa kupitisha mausi. Waimbaji wetu ni mama lishe, walimu, dereva wa bajaji. Wanakuja jioni wamechoka. Kuwaambia "hilo neno moja tu" badala ya "tuanze upya" ni huruma kubwa. Na leseni niliyoinunua wakati wa toleo la 6 imenivusha hadi la 7 bila kuongeza senti.

Anayeanza atatishika akiifungua. Menyu zina menyu ndani yake, rangi ni za kijivu, na Kiswahili hakimo. Haina ngoma wala vinanda vya maana, kwa hiyo ndugu zangu wa biti hamtaridhika nayo peke yake. Mwongozo wa Geoffrey Francis unatolewa bure na video za Kenny Gioia zinaeleweka, ila zote ni kwa Kiingereza, na kijana niliyemfundisha kazi ilibidi nimwandikie daftari zima la Kiswahili kwa mkono. Tulipata tabu mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu alikuwa ananionyesha njia za mkato nisizozijua.

Kwa mwenye kurekodi sauti za watu, iwe kwaya, kaswida, mahubiri au vipindi vya redio, sijaona nyingine ya kumshauri kwa bei hii. Weka fedha inayobaki kwenye godoro la ukutani na stendi ya maiki isiyotikisika.

Kila kazi ikiisha sasa naipeleka kwa mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo. Nampa kalamu na karatasi, nauchezesha mara moja kwenye sabufa na mara moja kwenye simu, anaandika maneno anayoyasikia. Palipo na nafasi tupu au neno lisilo letu, narudi kwenye treki. Wimbo wa machozi niliupeleka kwa yule mama mwenyewe, nyumbani kwake, jikoni. Aliusikiliza akichambua mchele. Ulipofika ule mstari aliacha kuchambua, akaufuata kwa sauti yake, na F yake ilikuwa safi.