Wakala wa ajira aliyenitajia mshahara tu

Kwa miezi mitatu nilitumia huduma ya wakala mmoja wa ajira jijini Dar es Salaam. Katika kumkutanisha mwombaji na mwajiri sina malalamiko: wasifu wangu ulipitiwa kwa makini, niliitwa kwenye usaili mara nne, na simu zangu zilipokelewa kwa heshima. Kasoro yake kubwa ni kwamba kila nafasi ilitangazwa kwa cheo, kituo cha kazi na mshahara tu, na nilipouliza kuhusu bima ya afya nilijibiwa kuwa mambo hayo huzungumzwa baada ya kusaini mkataba.

Kwangu mimi mambo hayo ndiyo yaliyoamua. Nafasi mbili za mwisho zilipishana kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Yenye mshahara mkubwa ingenilazimu kutoka Chanika hadi Mikocheni kwa nauli yangu, haikuwa na bima, na michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ingeanza kulipwa baada ya muda wa majaribio, ilhali michango hiyo ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Nyingine ilikuwa na basi la wafanyakazi, chakula cha mchana na bima inayomhudumia hata mama yangu, ambaye ana kisukari. Yeyote anayemuuguza mzazi anajua jinsi wiki moja ya kulazwa inavyoweza kumaliza nyongeza ya mwaka mzima. Nilichagua hiyo ya pili, na sijutii.

Jambo lingine lililonisikitisha ni kuhesabiwa likizo ya siku 28 kama ofa ya kampuni, wakati ni haki iliyowekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Wakala alisifu pia madawati ambayo kampuni ya kwanza imezipatia shule za jirani. Ninaheshimu msaada huo, na nisingependa kumtumikia mwajiri asiyejali wanaomzunguka. Lakini mlinzi wa getini aliniambia kuwa amekuwa kibarua hapo kwa miaka mitano bila mkataba, na kwa maoni yangu wajibu kwa jamii huanza na mtu huyo.

Nitamtumia wakala huyu tena, ila safari ijayo nitaomba stahili zote kwa maandishi kabla ya kwenda kwenye usaili.