TAHADHARI: Oili "mpya" ya pikipiki kwenye chupa ya mtu mwingine

Wakuu, hasira ndiyo inayoandika hapa, aibu imekaa pembeni inachungulia. Yule muuza oili wa "mzigo umeingia jana" anauza oili chafu iliyochujwa, kwenye chupa za kampuni halali. Jina halitajwi hapa wala duka. Waliokwisha nunua kwake wanajua anayesemwa ni nani.

Kwanza ieleweke mtu mwenye akili timamu anavyopigwa. Katoni inapasuliwa mbele yako, utepe unalia. Chupa zimejipanga zinang'aa. Anachomoa moja, anaifuta kwa kiganja kama anamfuta mtoto uso, anaigeuza nyuma, na kidole kinakwenda moja kwa moja kwenye kile kisanduku kidogo cha JASO, alama ya kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. "MA2 hii hapa kaka, soma mwenyewe." Unasoma. 20W-50, yaani uzito wa oili, ipo; API SL, daraja la ubora la Wamarekani, ipo. Unazungusha mfuniko, pete yake inakatika tak, tak, tak kama inavyotakiwa. Chini yake kuna foili, imebana. Unaibonyeza kwa dole gumba, hainyanyuki. Haya, hapo ungekataa kwa hoja gani?

Bei nayo haikuwa ya kutupa. Tapeli mchanga hushusha bei mpaka mnunuzi anashtuka. Huyu kapunguza kidogo tu, kiasi cha kukufanya uone umepata muuzaji muungwana. Ila kilichomaliza kazi ni kile kidole. Wauza oili wengi ukiwauliza JASO wanakuangalia kama umetaja jina la mchezaji. Pikipiki nyingi za gia zina oili moja inayohudumia injini, giaboksi na klachi kwa pamoja, na klachi yenyewe inaogelea humo humo. Kwa hiyo oili inatakiwa iteleze kwenye pistoni lakini isiitelezeshe klachi. Wajapani wakaitolea kiwango chake, JASO T 903, mwaka 1998, na mwaka 2006 MA ikagawanywa kuwa MA1 na MA2, MA2 ikiwa ndiyo inayoiacha klachi ishike zaidi. MB ni ya skuta ambazo klachi yao haiguswi na oili. Sasa mtu akikuonyesha MA2 hujamuuliza, lazima umwone ni mtu wa kazi. Kumbe alichosoma ni lebo. Lebo ilikuwa ya kweli na chupa ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa ndani ndicho kimetoka kwenye beseni la fundi.

Na kwa kuwa washaanza wale wa "labda mlimwaga vibaya", kazi ilifanyika hivi. Injini ikapashwa dakika tatu hadi tano, ipate uvuguvugu tu, maana oili inayochemka inaunguza mkono na ya baridi inabaki na uchafu wake ndani. Chombo kikasimamishwa kwa stendi kubwa, sakafu iliyonyooka. Mfuniko wa kujazia ukalegezwa ili hewa iingie, nati ya chini ikafunguliwa kwa spana namba 17, oili ikaachwa idondoke dakika kumi nzima. Chujio la waya likatolewa na springi yake, likaoshwa kwa petroli, likakaushwa. Ikawekwa washa (ile pete bapa) mpya ya nati, kwa sababu ya zamani imeshabonyea na ndiyo inayoleta yale matone asubuhi. Nati ikaanzwa kwa vidole, spana ikaja mwisho, kiasi cha Nm 25, bila kuning'inia. Bloku ni ya aluminiamu, ukichubua nyuzi zake umejinunulia kazi nyingine kabisa.

Kisha faneli. Faneli ndiyo iliyosema.

20W-50 ikiwa ya baridi hushuka kwa kamba nene, inajikunja kwenye faneli kabla haijazama. Hii ilishuka kama inakimbia polisi. Harufu ikafuata: petroli kwa mbali, na kitu kilichoungua. Kwenye kidole, ukisugua na dole gumba, hakuna ule utando unaovutika. Ni majimaji yenye rangi ya asali. Halafu kipimo. Chupa imeandikwa lita 1, injini inameza lita 1 baada ya kumwagwa, lakini baada ya kuiacha ingurume dakika tatu na kuizima dakika tatu nyingine, kijiti kikasoma chini ya alama ya chini. (Kwa injini nyingi za aina hii kijiti kinaegeshwa tu bila kufungwa nyuzi, ukikifunga unajidanganya kuwa oili imejaa.) Yaani hata hiyo takataka kaipunja!

Oili chafu si chafu kwa rangi tu. Rangi inaondoka kwa asidi na udongo, ndiyo maana inarudi dukani inapendeza. Kisichorudi ni viungo vilivyokwisha kutumika: sabuni ya kuosha masizi, zinki ya kulinda kamu na roka (vyuma vinavyosukuma valvu), na zile polima zinazoizuia isiwe nyepesi mno ikipata joto. Polima hizo gia huzikatakata, kwa hiyo oili iliyotoka kwenye pikipiki ilishapoteza uzito kabla hata haijachujwa. Ndani yake pengine bado kuna petroli na maji. Ukiijaza, kwanza gia zinakuwa ngumu na nyutro inakukwepa kwenye taa nyekundu. Tapeti zinaanza kulia. Halafu joto, ringi zinanata, moshi wa bluu. Na kama sehemu ya hiyo oili ilitoka kwenye magari madogo, yenye vilainishi vya kupunguza msuguano, klachi inateleza: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Vilainishi hivyo vikishapenya kwenye sahani za klachi, wakati mwingine hata kubadili oili hakusaidii. Unanunua sahani.

Ukishaiweka bila kujua, usiseme "ngoja nimalizie wiki". Imwage ikiwa vuguvugu. Weka halali, iache ingurume taratibu bila gia dakika tatu hadi tano, imwage nayo, jaza upya, na ukifikisha km 500 badilisha tena huku ukikagua chujio. Ukiona vumbi linalong'aa kama fedha, ni aluminiamu; vipande vinavyonaswa na sumaku ni chuma, mwone fundi kabla ya kuwasha tena. Na tafadhali, wale wa kusuuza injini kwa dizeli au mafuta ya taa, acheni. Yanabaki kwenye pembe za bloku na kuiharibu oili mpya uliyoilipia.

Sasa huyu mtu afanywe nini? Kufungiwa duka ni kidogo. Arudishe hela, alipe sahani za klachi na ringi za kila aliyemuuzia, katoni zote zibebwe zikawe ushahidi. Kisha yeye mwenyewe ajaze oili yake kwenye chombo chake, apande mlima na abiria nyuma, km 1000, tunamwangalia. Kuna watu wanalisha nyumba kwa hizo pikipiki. Injini ikigoma siku mbili, watoto wa mtu hawali. Halafu yeye ukimpigia anasema "labda ulichanganya na ya zamani, kaka." Kaka! Mwenye risiti aitunze, na chupa isitupwe hata kama imebaki robo, ndiyo itakayokwenda kwa watu wa viwango na watu wa vipimo. Asiye na risiti aseme hata hivyo.

Dalili? Zipo, na ndizo zinazouma, kwa sababu zilikuwa wazi. Namba za bechi: chupa za katoni moja zilikuwa na namba tofauti tofauti, na tarehe tofauti, na hakuna aliyeangalia kwa kuwa macho yote yalikuwa kwenye MA2. Kitako cha chupa kimechubuka kama kimeburuzwa kwenye saruji. Foili ya kiwandani huunganishwa kwa joto, ukiibandua inaacha duara sawasawa mdomoni. Hii ilikuwa na madoa ya gundi. Uzito: lita moja ya oili ni kama gramu 880 bila chupa, mzani wa jikoni unatosha. Ukiwa na chupa mbili zenye dirisha la kuonyesha kiwango, zipindue pamoja, ile ambayo kiputo chake cha hewa kinapanda haraka oili yake ni nyepesi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, lala nalo: oili mpya inaacha duara moja lililofifia, iliyokwisha tumika kwa kawaida inaacha kitovu cheusi katikati, japo iliyochujwa vizuri inaweza kukupita hapo. Na isiwe kila oili iliyogeuka nyeusi baada ya siku mbili mnaiita feki. Nzuri nayo huwa nyeusi, inaosha masizi ya iliyotangulia.

Halafu kuna yule anayepita kwa mafundi kununua chupa tupu, "zenye lebo safi tu, zilizokwaruzika sichukui". Mlidhani anahifadhi maziwa? Pete ya mfuniko na foili ni vitu vya kutengeneza. Chupa halali yenye lebo halali ndiyo anayoihitaji kwetu, na tumekuwa tukimuuzia wenyewe. Ukimaliza kujaza, piga msumari kwenye kitako, mara tatu, na uichane lebo katikati ya neno JASO.