Matembezi ya asubuhi Mida: mwongozaji nyota tano, gari nyota mbili

Januari hii nimekwenda kutazama ndege Mida, hori ya mikoko karibu na Watamu, siku mbili mfululizo na nimelipa mara mbili. Chanzo ni gari.

Waandaaji walituahidi kutuchukua Watamu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Gari likaja saa moja kasoro dakika kumi, dereva anatafuna mahamri, hana habari. Kwa safari ya kuona magofu ya Gede ningenyamaza, magofu hayaendi popote. Mida ni maji. Mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umetimia, yaani bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua la huku kwetu hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa hadi saa nne asubuhi hivi. Ndege nao hufuata ukingo wa maji. Tulipomaliza kupita daraja lile la mbao na kamba linaloning'inia katikati ya mikoko, wao walikuwa vitone vyeupe huko mbali topeni. Watu tisa, darubini moja ya miguu mitatu. Zamu yangu ilipofika nikaona kitu kama mchele uliomwagika.

Aliyeiokoa siku ni dada mwongozaji, mwenyeji wa hapohapo. Alituinamisha tutazame kaa: dume ana gando moja kubwa kupita kiasi, analipunga akimwita jike, na ukikohoa tu wote wametumbukia mashimoni. Akanichumia jani la mchu. "Lilambe, shangazi." Chumvi tupu! Mti unakunywa maji ya bahari, chumvi unaitoa kwa majani. Nimezaliwa Pwani, na mbao za mikoko zimenifunika dari tangu utotoni, lakini hilo sikulijua.

Usiku nikampigia simu, kesho yake nikapanda bodaboda peke yangu. Saa kumi na mbili na robo nilikuwa kibandani. Kwa kuwa kila siku maji huchelewa karibu dakika 50, safari hii nilikuwa nayo sambamba. Kufika saa moja tope likaanza kuchungulia na ndege wakateremka mbele yetu: sululu wenye midomo iliyopinda, vitwitwi wadogo waliotoka mpaka Siberia kukimbia baridi, na wale niliowafuata, ndege wala-kaa, weupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo.

Hawa huzalia kwenye fukwe za Uarabuni, Oman ikiwemo. Huchimba mashimo mchangani, jike hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga husaidia kulilalia. Kisha huja kwetu msimu wa kaskazi, njia ileile ya majahazi ya zamani. Na huja na watoto! Nilimwona kinda, kimo sawa na mzazi wake, anamfuata huku analia apewe kaa. Mzazi akampa. Nilitaka kunyoosha kidole, dada akanishika mkono: "Taratibu shangazi, wataruka." Tukakaa hivyo karibu saa nzima bila kusema neno.

Kwa hiyo: kabla ya kulipa, uliza maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Asiyejua kukujibu, mwache. Ongea na waongozaji wa kijijini moja kwa moja, chukua darubini yako kama unayo, na uvae viatu vya kufunga. Ndara yangu ya kushoto bado iko Mida.