TAHADHARI: Usilipie DVD ya harusi uliyoonyeshwa kwenye laptopu tu

Ndugu zangu, kama una kadi ya kamera yenye harusi, ubatizo au maulidi ya kwenu, na unataka uchomewe DVD umpelekee mzazi nyumbani, nakuomba usome hapa kwanza. Nimetapeliwa na fundi mmoja wa video Kariakoo. Jina lake siliandiki, na vibanda vya aina yake viko vingi. Ninachotaka ukijue ni namna anavyofanya, kwa sababu sitaki mwingine apoteze nilichopoteza mimi.

Agosti tulimwoza mdogo wangu, Muheza. Binamu yetu ndiye aliyerekodi, ana kamera nzuri, shughuli nzima ikatoka saa tatu na dakika arobaini. Ndani yake kuna kipande ambacho bibi, mama mzaa mama, amekaa mkekani amemshika mkono bi harusi, anamuusia. Bibi alikuwa si mtu wa kusema mbele za watu. Siku ile alisema kama dakika kumi na mbili bila kukatisha, kwa ile sauti yake ya chini, Kiswahili na Kibondei vikipokezana. Oktoba akatutoka.

Mama akasema anataka kumsikia tena. Hana simu kubwa. Ana TV ya chogo na deki ya DVD ambayo tulimnunulia zamani, na kwenye hiyo deki ndiko anakojua kuweka kitu na kukitazama bila kumwita mtoto wa jirani. Nikaichukua kadi kwa binamu, nikaenda nayo Kariakoo.

Fundi alinipokea vizuri. Kuhariri na kuchoma, shilingi 150,000. Akaongeza 50,000 ili iwe “DVD ya HD”. Nilipomwambia nakala moja itakwenda kwa shangazi Muscat, akaongeza 30,000 ya “kufungua kodi ya nchi”, yaani kufuli linalozuia DVD ya nchi moja isicheze nchi nyingine. Nikalipa zote 230,000 siku niliyoambiwa kazi imekamilika, baada ya kunionyesha kwenye laptopu yake. Picha inang’aa, sauti safi, bibi anasikika neno kwa neno. Nikatoka pale nashukuru. Kumbe alichofungua ni faili lenyewe la kamera, lililokuwa bado kwenye kompyuta. DVD ilikuwa tayari ndani ya kava, haikuguswa.

Nikapanda basi hadi Muheza. Mama alikuwa ameshapanga viti, majirani wamekuja, wajomba wapo. Picha ilipotokea watu wote wamerefuka na kukonda, nyuso zimebanwa kushoto na kulia, keki ya harusi imekuwa kama yai lililosimamishwa. Sauti hakuna. Tukazungusha waya, tukapandisha rimoti, tukaweka DVD nyingine ya kaswida kujaribu: ile inasikika. Yetu bubu.

Nikampigia. Akajibu bila wasiwasi: “TV yenu ni ya zamani, haiwezi picha pana. Nunueni flati.” Nawaomba mlishike jibu hilo, maana ni uongo, na nitaeleza kwa nini.

Nikarudi Dar, akanipa ya pili. Deki ya mama ikaizungusha, ikaguna, ikaandika haiitambui. Ya tatu ikacheza, na hapo ndipo nilipoumia. Kulikuwa na sauti, lakini ni muziki. Alikuwa ametandika nyimbo za taarabu kutoka mwanzo hadi mwisho. Picha nayo imekatika vigae vigae kila mtu anapocheza. Kikafika kile kipande cha bibi. Mama akasogeza stuli mpaka karibu na kioo. Anaona midomo ya mama yake inatembea, anasikia kinanda. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono akazima mwenyewe.

Nilipomfuata kudai kadi niende kwa mtu mwingine, akasema ameshaifomati na kuitumia kwenye harusi ya wikiendi iliyopita. Na kwenye kompyuta? Ameshafuta, nafasi ilijaa. Binamu alikuwa hajabakiza nakala, alijua kadi iko kwangu salama.

Baadaye nilimpata fundi mwingine, Tanga mjini, mzee wa kazi hiyo tangu enzi za kanda za VHS. Alizikagua zile DVD tatu mbele yangu, akanieleza moja baada ya nyingine. Nayaandika kama nilivyoelewa, kwa sababu ningeyajua kabla nisingepigwa.

Kwanza hiyo “DVD ya HD”. DVD ya video ina ukubwa wake wa picha uliopangwa tangu zamani. Kwa PAL, mfumo wa picha ambao DVD zetu zinautumia, ni nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Haipandi zaidi ya hapo hata ulipe milioni. Kamera inaweza kuwa ya HD, na kazi ikitoka kwenye kamera nzuri itaonekana nzuri, ila diski yenyewe haiwi HD. Diski ya Bluu-rei (Blu-ray) ndiyo yenye HD, na hiyo inataka deki yake. Kwa hiyo ile 50,000 nililipia hewa.

Na “kodi ya nchi” pia ni hewa. Kufuli hilo, linaloigawa dunia kwa maeneo, linawekwa na kampuni za filamu kwenye DVD zao za dukani. DVD ya harusi yako haina kufuli mpaka fundi aliweke kwa makusudi. Oman nao ni PAL kama sisi, hapakuwa na chochote cha kufungua. Swali la maana lingekuja kama ndugu yuko Marekani, maana DVD za kule ni NTSC, mfumo mwingine wa picha, na deki nyingi za kule zinaikataa PAL. Hapo nakala inarendiwa upya, yaani kompyuta inaitengeneza upya kwa mfumo wao, 720 kwa 480.

Sasa picha pana. Hili ndilo lililonifungua macho. Ile nafasi ya 720 kwa 576 ni ileile, picha iwe ya mraba mraba kama za zamani au iwe pana ya 16 kwa 9. Picha pana inaingizwa imebanwa pembeni, kama kanga iliyokunjwa kuingia kwenye bahasha, halafu ndani ya diski panaandikwa kwamba hii ni ya 16 kwa 9. Deki inasoma maandishi hayo na kuikunjua. Kwenye flati inajaa kioo kizima. Kwenye TV ya chogo, deki yenyewe inaweka mistari myeusi juu na chini, na watu wanabaki na maumbo yao. Fundi wangu alirenda akaacha alama ya 4 kwa 3, basi deki haikuambiwa ikunjue. TV ya mama haikuwa na kosa lolote. Mzee wa Tanga aliweka DVD ya kazi yake, ya picha pana, kwenye chogo lililokuwa pale kibandani: sahani ya pilau ikatokea mviringo kabisa.

Upande wa sauti, kamera nyingi za kumbukumbu za nyumbani zinarekodi sauti ya Dolby, na kuna programu za kuhariri, hasa zilizonakiliwa bila leseni, zinazovuta picha na kuacha sauti nje. Mhariri makini anaona mstari wa sauti uko mtupu, anaibadilisha kwanza sauti ndipo anaendelea. Mvivu anaweka muziki juu. Huo ndio mchezo: ukiona DVD ya shughuli yenye nyimbo mwanzo mwisho, hakuna hata kigelegele, hakuna imamu wala mchungaji anayesikika, jua huenda sauti ilipotea na imefunikwa. Halafu kuna kipimo: sauti ya DVD inatakiwa iwe ya sampuli 48,000 kwa sekunde, na iwe ya aina ya AC-3 (ndiyo hiyo Dolby), PCM au MPEG. Sauti ya AAC inayokaa kwenye video za simu haimo kwenye viwango vya DVD, lazima ibadilishwe.

Ile DVD ya pili iliyokataliwa na deki ilikuwa na faili moja la MP4 lililotupiwa tu kwenye diski. Ukiweka kwenye kompyuta inacheza, ndiyo maana wanapenda kukuonyesha kwenye kompyuta. DVD ya kweli ukiifungua unakuta folda ya VIDEO_TS, na ndani yake mafaili yanayoishia na VOB, IFO na BUP. Hata mtu asiyejua kompyuta anaweza kulitazama hilo kwa nusu dakika.

Na vile vigae? Diski ya kawaida inabeba GB 4.7. Saa moja na nusu inakaa na picha safi, saa mbili bado inapendeza. Alisindika saa tatu na dakika arobaini kwenye diski moja ili aokoe diski ya pili. Haya, diski tupu inauzwa bei gani mpaka mtu aharibu harusi ya watu kwa ajili yake?

Kwa hiyo ukienda, kaa palepale na udai iwekwe kwenye deki, yenye TV. Akisema hana deki, ondoka. Mtu anayeuza DVD na hana pa kuijaribia anakuuzia kubahatisha. Tafuta kitu cha mviringo kwenye picha, gurudumu la gari au sinia, ukiangalie. Usitazame mwanzo peke yake. Ruka katikati, ruka mwisho, sikiliza mtu anayeongea na uangalie kama midomo na maneno vinakwenda pamoja, maana sauti ikianza kuachana na picha huonekana zaidi mwishoni. Malipo ya mwisho yatoke baada ya hapo. Kianzio mpe, ni haki yake.

Lakini hayo yote ni fedha, na fedha nimeshaisamehe. Kadi ndiyo usiiachie. Nakili kila kitu kwenye diski ya kompyuta au flashi mbili kabla hujatoka nyumbani, umpelekee fundi nakala. Na kama kadi imeshafomatiwa, itoe kwenye kamera saa hiyohiyo, isirekodi hata picha moja, kwa sababu vilivyofutwa hukaa humo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ya kwetu ilikuwa imerekodiwa harusi nyingine. Mzee wa Tanga alijaribu siku mbili, akaokoa vipande vya wapishi na msafara wa magari. Bibi hayumo.

Tulichopata ni kwa rafiki wa bi harusi, aliyekuwa amekaa nyuma akarekodi kwa simu, ameilaza, dakika mbili na nusu. Sauti iko mbali, kuna mtoto analia, lakini ni bibi. Mzee aliirenda PAL, 16 kwa 9, sauti akaibadilisha, akaijaribu kwenye deki mbili, akakataa malipo zaidi ya bei ya diski. Mama ameiangalia mpaka sasa sijui mara ngapi. Anasema pale bibi anapotaja jina lake, sauti inapanda kidogo.

Yule wa Kariakoo bado anapokea kazi, na Desemba ndiyo msimu wa harusi. Kadi yako ikiwa kwa fundi sasa hivi na hukubakiza nakala, nenda kaichukue leo, hata kama kazi haijaisha.