Baridi au moto? Baa ya wafanyakazi nyuma ya Paje

Kitu cha kwanza unachoulizwa pale ni "Baridi au moto?" Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa kama mimi, swali hilo tu lilitosha kunifanya mteja. Huu ni mwaka wa sita napika kwenye hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, na kila nilipoagiza bia ya moto, yaani isiyoingia friji, mhudumu alidhani nimekosea kusema.

Baa haina bango. Iko ng'ambo ya barabara ya lami, upande wa mashamba, mbali na ufukwe na mbali na msikiti. Paa la makuti, viti vya plastiki, sakafu ya mchanga unaofagiliwa kila jioni. Wateja ni sisi wapishi, wahudumu, walinzi na mafundi ujenzi, wengi tumetoka bara. Adhana ya isha ikisikika, dada wa kaunta anazima muziki na hauwashi mpaka iishe. Hakuna anayenung'unika. Tumepokelewa kwenye kijiji cha watu, na mimi nampenda dada yule kwa hilo kabla hata sijamsifu kwa bia.

Zipo Kilimanjaro, Safari, Serengeti na Castle Lite siku zote. Ndovu siku moja moja. Tusker ya Kenya, ile yenye kichwa cha tembo, utaipata ufukweni kwa bei ya mgeni. Pale nalipa 3,000 kwa chupa. Mita mia tano mbele, penye mwavuli na mchanga mweupe, bia hiyo hiyo nimewahi kuilipia 7,000.

Nikitoka zamu ya mchana, nguo zimelowa jasho la jiko, naanza na Kilimanjaro ya baridi. Ina asilimia 4.5 ya kilevi, uchungu wake ni mwepesi, inashuka vizuri. Lakini bia ninayokaa nayo ni Safari ya moto. Hiyo ni asilimia 5.5, rangi imekolea, na ina utamu wa shayiri unaokumbusha ukoko wa mkate. Ukiigandisha, ulimi unakufa ganzi na utamu ule huuoni. Iache kwenye meza, imimine taratibu kwenye glasi iliyoinamishwa, usubiri povu litulie, kisha unywe na pweza wa kuchoma mwenye ndimu na pilipili. Nimewapa wenzangu watatu wa Tanga waliokuwa wakinicheka, na wawili sasa wanaagiza moto wenyewe.

Kinachoitofautisha baa hii na nyingine ni jinsi anavyozitunza chupa. Kreti zake zinakaa nyuma ya kaunta, ukutani pasipofika jua, zimefunikwa gunia. Watu wengi hawajui kwamba mwanga unaharibu bia. Ile hopsi inayoipa bia uchungu ikipigwa na jua inatoa harufu mbaya, kama kicheche amepita. Chupa ya kahawia inaikinga kwa kiasi kikubwa, ya kijani haiikingi sana. Kuna baa moja ya ufukweni iliyokuwa ikipanga chupa za kijani juu ya rafu inayotazama bahari, zikapigwa jua tangu asubuhi. Zinapendeza kwenye picha, sawa. Nilifungua moja, harufu ikanipanda puani kabla sijaonja. Nilipomwambia mhudumu, alinijibu kwamba bia zote ndivyo zilivyo. Hapana, kaka, sivyo zilivyo.

Sasa nije kwenye Balimi. Jina lake ni la kwetu, Kisukuma: wakulima. Kule kwetu Magu, mkoani Mwanza, baba yangu alikuwa akirudi kutoka kwenye pamba anakaa chini ya mwembe na Balimi moja ya moto, moja tu, anainywa mpaka giza linaingia. Bia ile ni ya Ziwa. Huko kila duka la kijijini linayo. Huku kisiwani sijaiona kwenye friji hata mara moja. Nimeshaelewa sababu. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, halafu ipande meli, ilipiwe kodi, ipite kwa mwenye kibali cha kuingiza pombe Zanzibar, na mwisho chupa tupu zirudi kiwandani. Nani ataifanya safari hiyo kwa ajili ya Wasukuma ishirini wa Paje? Hata bia za kawaida mwanzoni mwa 2024 ziliadimika kisiwa kizima vibali vilipobadilishwa mikono, na bei zikaruka. Wiki zile dada alikuwa akigawa chupa mbili kwa kila mtu ili sote tupate, na bei hakuipandisha zaidi ya alivyouziwa yeye.

Mwezi wa tisa nilifika kama kawaida, nikasema "Safari, moto." Akainama chini ya kaunta, akatoa chupa iliyoviringishwa kwenye kanga kuukuu. Balimi. Dereva wa lori, shemeji yake, alipakia chupa sita Mwanza na kumletea kwa boti, naye alinihifadhia mbili kwa sababu siku moja nilimsimulia habari za baba. Lebo ilikuwa imechubuka pembeni kwa safari. Nilishindwa kuifungua kwa dakika kadhaa. Ilikuwa na ladha ile ile, kavu mwishoni, na nikanusa vumbi la kwetu.

Kasoro zipo na nazisema kwa kuwa napapenda. Choo ni kimoja kwa wanawake na wanaume, na taa yake haiwaki tangu masika. Mishikaki inachelewa. Mwezi wa Ramadhani panafungwa kabisa, kwa hiyo usifunge safari.

Hufunguliwa saa kumi jioni. Chupa ya pili ya Balimi bado iko chini ya kaunta ndani ya kanga ile. Nimemwomba dada aniwekee mpaka baba aje kunitembelea mwezi wa kumi na mbili. Asiiweke kwenye friji.