Digitalarkivet ya Norwei: ni bure, ila tafuta jina la usharika kwanza

Ukoo wa mume wangu hapa Minnesota ulijua mambo mawili tu kuhusu baba wa babu yao: alitoka Norwei, na alikuja akiwa kijana. Mimi niliyeolewa humo ndiye niliyetwishwa kazi ya kumtafuta.

Tulianza na tovuti ya kulipia ambayo siitaji. Kila mwezi ada, halafu ikatupa "baba" aliyekuwa na miaka tisa mwanawe alipozaliwa! Tukajitoa.

Digitalarkivet ni tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Norwei. Hulipi hata senti, wala kutafuta hakuhitaji kujisajili. Kuna sensa za zamani (1801, 1865, 1875, 1891, 1900, 1910, 1920), vitabu vya kanisa vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na orodha za wahamiaji zilizoandikwa na polisi bandarini. Za Kristiania, yaani Oslo ya leo, zinaanzia 1867.

Ila usikurupuke kuandika jina. Kabla ya sheria ya 1923, watu wengi wa vijijini hawakuwa na jina la ukoo la kudumu. Ole Hansen ni Ole wa Hans, basi, kama kwetu Juma Hassani. Mwanawe ataitwa Olsen. Nyuma yake hufuata jina la shamba anakoishi, na akihama shamba, jina nalo hubadilika. Mashemeji zangu walikuwa wanatafuta jina lililo kaburini, kumbe ni la shamba. Polisi walimwandika kwa jina la babaye.

Kilichotufungulia njia ni kitabu cha usharika wa Kilutheri alikozikwa huku Marekani. Mchungaji aliandika alikozaliwa: usharika wa Ringebu, bonde la Gudbrandsdalen. Bila usharika utazama katikati ya akina Ole Hansen wasio na idadi. Ukiwa nao, unafungua kitabu chenyewe. Tulimkuta kwenye ukurasa wa kipaimara, na pembeni ya jina lake tarehe ya chanjo ya ndui, maana bila chanjo hiyo hupati kipaimara.

Kwenye sensa ya 1875 usiishie kwenye majina yaliyochapwa, fungua picha ya karatasi. Kuna sehemu ya mifugo na mbegu: ng'ombe wawili, kondoo wachache, viazi vilivyopandwa. Na mbele ya jina la baba mtu, neno husmand: yaani kapewa kibanda na kipande cha ardhi ndani ya shamba la mwingine, analipa kwa kumfanyia kazi. Ukoo mzima umekuwa ukisimulia "shamba letu la Norwei", na jina la shamba hilo ndilo wanalotumia mpaka leo. Shamba lilikuwa la bwana wao. Shemeji mmoja hajafurahi hadi sasa.

Kasoro zipo. Mwandiko wa Kigothi, yaani herufi za mkono za zamani, unaumiza macho, na tovuti ni ya Kinorwei na Kiingereza tu. Kristian anaweza kuwa Christian, kwa hiyo weka alama ya nyota (*) mahali pa herufi zenye utata. Mti wa ukoo haikuchorei, na mimi naona afadhali, baada ya yule baba wa miaka tisa.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu kurasa nyingi za vitabu vya kanisa bado ni picha tupu, huwezi kuzitafuta kwa jina. Unapekua moja moja.