Rula ya skeli ya pembe tatu: miezi minane mkononi, na upande mmoja nimeuziba kwa selotepu

Ni ile ya plastiki nyeupe, ya pembe tatu, urefu sentimita 30, yenye kingo sita: 1:20, 1:25, 1:50, 1:75, 1:100 na 1:125. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 12,000 baada ya kuvutana na muuzaji kutoka 15,000. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba za kawaida, vyumba vitatu au vinne, na kukadiria vifaa: matofali, nondo, mbao, mabati. Kompyuta ninayo, ila saiti huwa naenda na karatasi iliyokunjwa mara nne, na fundi akiuliza ukuta una urefu gani hasubiri niwashe kitu.

Nianze na kilichonifurahisha. Kwenye 1:50, yaani mchoro umepunguzwa mara 50, mita moja ya ukuta inakaa ndani ya milimita 20 za karatasi, na ukingo wa rula umeshagawanywa hivyo. Unaweka sifuri kwenye kona ya ukuta, unasoma 4.2, kazi imeisha. Kabla ya hapo nilikuwa napima kwa rula ya shule, nazidisha kwa 50, nahamisha nukta, huku vumbi la saruji linaniingia machoni na watu watatu wananisemesha kwa mpigo. Nukta niliihamisha vibaya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Halafu kingo sita si skeli sita tu. Ukingo wa 1:50 unasoma pia 1:500, unaongeza sifuri moja kichwani, na kwa maelezo madogo unasoma 1:5. Ule wa 1:25 naupeleka kwenye ramani za viwanja za 1:2500. Hilo muuzaji hakuniambia, na nadhani halijui.

Kinachoudhi ni kuutafuta upande. Unaizungusha, unaizungusha tena, unafika 1:75 ulipotaka 1:50, unasoma hujagundua. Niliifungia kibanio cha karatasi juu ya ukingo ninaoutumia siku hiyo, tatizo likapungua. Nyingine zinakuja na mifereji ya rangi tofauti kila upande. Ukiikuta ya namna hiyo ongeza elfu mbili uichukue.

Sasa kisa chenyewe, ambacho ndicho kimenifanya niandike.

Mteja alikuja na ramani iliyochorwa kwingine, imeandikwa 1:50. Chumba cha wazazi kilikuwa na uwazi wa kabati la ukutani, ila kipimo cha uwazi huo hakikuandikwa. Seremala alitaka kuanza mapema karakanani kwake, kuta bado hazijapanda. Kona ya mchoro kulikuwa na lile onyo la kawaida la kufuata vipimo vilivyoandikwa na kutopima kwa rula. Mimi nina rula mpya, onyo linanihusu nini? Nikaweka ukingo wa 1:50, nikasoma 2.30, nikampa seremala.

Wiki tano baadaye mzee wetu, fundi mkuu wa saiti ile, akanipigia simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Njoo uone kabati lako, dogo. Linapumua."

Nilifika nikakuta mwanya wa sentimita 10, mkono unapita na kikombe cha chai. Nikajitetea kwamba nilipima mara mbili.

"Ulipima nini, ukuta au karatasi?"

Yeye hakupima kitu kwenye karatasi. Alichukua ukuta mzima ulioandikwa 3600, yaani milimita, akatoa kipande cha mlango kilichoandikwa 1200, akapata 2400, akajenga. Hesabu ya darasa la tatu, na ndiyo iliyokuwa sahihi.

Usiku ule nikaishtaki rula. Nikaitoa, nikaiweka ubavuni mwa rula ya chuma, nikagundua jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya dukani kabla ya kutoa hela. Kwenye rula hizi kila ukingo una alama yake inayopaswa kukaa juu ya milimita 200 kamili. Kwa 1:20 ni mita 4. Kwa 1:25 ni mita 5. Kwa 1:50 ni 10, kwa 1:75 ni 15, kwa 1:100 ni 20, na kwa 1:125 ni 25. Beba rula ya chuma unayoiamini, linganisha kingo moja baada ya nyingine, dakika moja umemaliza.

Yangu ilifaulu kingo tano. Kwenye 1:75 alama ya mita 15 ilikaa kwenye milimita 201.5. Unaweza kusema milimita moja na nusu ni nini, lakini zidisha kwa 75 uone: ni zaidi ya sentimita 11 ukutani. Inaonekana kiwandani upande ule ulichapwa umevutika kidogo. Kwa bei ile sikushangaa, ila nilikasirika.

Lakini kabati nililipima kwa 1:50, na 1:50 haikuwa na kosa. Kwa hiyo mshtakiwa akaachiwa, nikarudi kwenye karatasi. Sebule ilikuwa imeandikwa 6000. Kwa 1:50 hiyo inatakiwa kuwa milimita 120. Nikaweka rula ya chuma: 115. Mchoro mzima ulikuwa umesinyaa. Kule kwenye steshenari alikoprinti mteja, mashine iliachiwa iubane mchoro ili pembezoni pasikatike, na maandishi ya 1:50 yakabaki palepale kana kwamba hakuna kilichotokea. Gawanya 6000 kwa 115 unapata kama 52. Ramani ilikuwa 1:52, na hakuna kiwanda duniani kinachouza rula ya 1:52.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo la michoro ya kihandisi, lile ambalo darasani tulilichukulia kama adhabu: kujenga skeli yako mwenyewe. Mwalimu alitupigisha mistari jioni nzima, nasi tukamwona mtu asiyejua kwamba rula zinauzwa. Nikatoa manila, bikari na setiskwea mbili, zile pembetatu za kuchorea.

Nilichora mstari wa milimita 115, ule urefu wa sebule kama ulivyo kwenye karatasi. Huo ni mita 6. Kila mita inapaswa kuwa milimita 19 na ushee, kipimo ambacho huwezi kukipata kwa macho. Basi hukipimi. Kutoka ncha ya kushoto unachora mstari mwingine wa kuinama, kama nyuzi 30 hivi. Juu ya huo unapiga hatua sita kwa bikari, zote sawa, ukubwa wowote unaokufaa. Mimi nilipiga za milimita 20. Hatua ya sita unaiunganisha na ncha ya kulia ya mstari wa kwanza. Kisha unatelezesha setiskwea moja juu ya nyingine na kuchora mistari sambamba na huo kutoka hatua ya tano, ya nne, mpaka ya kwanza. Inapokata mstari wa chini, hapo ndipo mita zako zilipo. Hakuna kugawanya kwa kikokotoo wala desimali. Pembetatu zenye umbo moja zinafanya hesabu kwa niaba yako, na zinaifanya vizuri kuliko macho yangu.

Mita ya kwanza kushoto nikaigawanya vipande kumi kwa njia ileile, kila kimoja sentimita 10. Sasa angalia sifuri inakaa wapi, maana hapa ndipo wengi tulipokuwa tunakatwa maksi. Haikai mwanzoni kabisa kushoto. Inakaa mwisho wa ile mita ya kwanza iliyogawanywa. Kulia kwake unaandika 1, 2, 3, 4, 5. Kushoto kwake vipande vinahesabiwa kurudi nyuma, 1 mpaka 10. Ukitaka mita 3.6 unaweka mguu mmoja wa bikari kwenye 3 kulia na mwingine kwenye 6 kushoto, umeshika urefu wote kwa mkupuo mmoja.

Nikaweka skeli yangu ya manila juu ya uwazi wa kabati. Mita 2 na vipande 4. Mbili nukta nne. Nilikaa nikaitazama kwa muda.

Nilijaribu pia skeli ya ulalo, ile yenye mistari kumi ya mlalo na mishazari inayokuwezesha kusoma hadi sentimita moja. Mshazari unaanzia chini kwenye alama moja na kufika juu kwenye alama inayofuata, kwa hiyo kila mstari wa mlalo unaoupanda unakusogeza sehemu moja ya kumi. Akili ya ajabu. Lakini kwa 1:52 sentimita moja ni kama milimita 0.19, wakati risasi ya penseli yangu ni 0.5. Hapo ni mbwembwe tu. Kwa michoro ya 1:20, kama maelezo ya ngazi au fremu ya dirisha, sentimita inakuwa nusu milimita na skeli ya ulalo inasaidia kweli. Ninayo moja, nimeichora kwa kalamu ya wino nikailaminisha.

Tangu hapo kila ramani ninayotoa ina skeli ya mstari imechorwa chini, mita 0 mpaka 5. Mchoro ukibanwa, nayo inabanwa. Ukirudufiwa kutoka A1 kwenda A3, ambapo 1:50 inageuka 1:100 kimyakimya, nayo inakuwa nusu. Na steshenari siku hizi nasimama nyuma ya kijana wa mashine mpaka nione imeandikwa asilimia 100. Ananichukia, lakini tunaelewana.

Mzee nilimtengenezea ya kwake. Yeye anafikiri kwa futi, mchoro umeandikwa kwa milimita, na kati yao kulikuwa na ubishi wa kila siku. Nikachora kipande cha manila cha 1:50: ukingo wa juu mita 9, ambazo ni milimita 180; ukingo wa chini futi 30, ambazo ni milimita 183 kasoro kidogo, nimezigawa makumi matatu kisha kila kumi mara kumi. Sifuri mbili zimekaa juu ya mstari mmoja. Faida yake ikaonekana siku ileile. Huku kwetu chumba kilichoandikwa 3600 kila mtu anakiita cha futi 12, wakati futi 12 ni 3658. Kwenye kipande kile alama ya futi 12 inaipita 3.6 waziwazi. Mzee alikisogeza karibu na jicho, akakirudisha mbali.

"Kwa hiyo miaka yote hii tunaibiwa sentimita sita?"

Sikujua nimjibu nini. Kipande kimeshalowa mvua mara moja, nimemchorea kingine.

Turudi kwenye rula. Baada ya miezi minane namba za ukingo wa 1:100 zimeanza kufutika pale ninapokandamiza kidole gumba, kwa sababu zimechapwa juu tu. Pitisha ukucha ukiwa dukani: kama unasikia mikwaruzo, alama zimechongwa na zitadumu. Usikatie karatasi kwa kisu ukiegemea rula hii, wala usichoree mistari. Ni ya kupimia, ukingo ukipata mapengo hausomeki tena. Usiiache kwenye dashibodi ya gari. Ya rafiki yangu ilipinda kama ndizi.

Na soma kilichoandikwa kwenye kingo kabla ya kulipa. Ziko zinazofanana nayo kabisa lakini ni za inchi, zenye robo inchi kwa futi moja. Hiyo ni 1:48. Ukiipeleka kwenye mchoro wa 1:50 haitakupigia kelele, itakukosesha asilimia 4 kila unaposoma, yaani kabati langu lilelile kwa njia nyingine.

Ningeinunua tena? Kwa 12,000 ndiyo, ila nikiwa na rula ya chuma mfukoni, na ingefeli hata ukingo mmoja ningeomba nyingine. Ule wa 1:75 sikuupoteza sana. Kiwango cha kimataifa, ISO 5455, kinakwenda kwa familia ya 1, 2 na 5, yaani 1:10, 1:20, 1:50, 1:100 na kuendelea. 1:75 haimo, na mimi mwaka huu nimeletewa mchoro mmoja tu wa skeli hiyo. Nimeuziba kwa selotepu nyekundu mwanzo mpaka mwisho. Kijana ninayefanya naye kazi alidhani ni pambo, naye akabandika ya kwake ya kijani, juu ya 1:50.